Karakana ya Ngozi Nyumbani: Namna ya Kuipanga Isiwe Chanzo cha Maradhi

Kazi ya ngozi haihitaji kiwanda. Meza moja, kisu kikali, shazia, nyundo, uzi uliotiwa nta na kopo la gundi vyatosha kumpatia mtu riziki. Ndiyo maana makubadhi, mikanda, pochi na mikoba tunayonunua sokoni aghalabu hutoka vyumbani na barazani mwa watu. Ni kazi ya heshima, na kwa kaya nyingi ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na ada za shule.

Hata hivyo, ufundi huu unapofanyika nyumbani, mahali pa kazi huwa ndipo hapo hapo pa kulala, kupikia na kulelea watoto. Mfanyakazi wa kiwandani amalizapo zamu huiacha hewa ya kiwanda nyuma yake; fundi wa nyumbani hulala nayo. Makala haya yanaeleza hatari zilizomo katika kazi hiyo na namna ya kupanga sehemu ya kazi, hata katika nyumba ya chumba kimoja, ili riziki isigeuke kuwa ugonjwa. Yameandikwa kwa ajili ya mafundi na familia zao, pia kwa ajili ya wahudumu wa afya wanaowapokea zahanatini.

Kilichomo ndani ya kopo la gundi

Gundi ya viatu hunata kwa sababu ya mpira au utomvu ulioyeyushwa katika kimiminika kinachokauka upesi. Kimiminika hicho, yaani kiyeyushi, ndicho kinachotoa ile harufu kali. Gundi ikikauka, kiyeyushi hakijatoweka. Kimehamia hewani, na kutoka hewani huingia mapafuni. Viyeyushi vinavyotumika sana ni toluini, asetoni na heksani. Baadhi ya gundi, hasa za zamani au zilizotengenezwa kwa petroli isiyosafishwa vyema, huwa na benzini pia.

Heksani ikiingia mwilini hubadilishwa na ini kuwa kemikali nyingine inayoharibu mishipa ya fahamu. Mishipa mirefu ndiyo huumia kwanza, kwa hiyo ganzi huanzia vidoleni mwa miguu yote miwili, hupanda taratibu, kisha hufika mikononi. Baadaye misuli hulegea na mgonjwa huburuza nyayo.

Ushahidi wa jambo hili ulitoka majumbani. Katika miaka ya 1960, mkoani Mie nchini Japani, familia zilizokuwa zikigundisha ndara nyumbani zilianza kupata udhaifu wa miguu na mikono. Uchunguzi ulibaini wagonjwa zaidi ya 90. Walifanya kazi katika vyumba vidogo visivyopitisha hewa ya kutosha, na gundi yao ilikuwa na heksani nyingi.

Benzini hushambulia mahali pengine: uboho wa mifupa, ambako damu hutengenezwa. Mwaka 1974, daktari Muzaffer Aksoy na wenzake wa Istanbul, Uturuki, walichapisha taarifa ya washona viatu 26 waliopata saratani ya damu baada ya kutumia kwa muda mrefu gundi zenye benzini. Leo benzini imo katika kundi la kwanza la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani.

Katika kundi hilo hilo limo pia vumbi la ngozi. Mwaka 1970 watafiti wa Uingereza waliripoti wingi usio wa kawaida wa saratani ya pua miongoni mwa wafanyakazi wa viwanda vya viatu vya Northamptonshire. Vumbi hilo hutoka ngozi inaposuguliwa kwa msasa au kwa mashine.

Ugonjwa unaofanana na mengine

Katika kliniki ya mishipa ya fahamu hufika wagonjwa ambao historia yao haikugusa kazi hata mara moja. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mtengenezaji wa makubadhi. Alikuwa na ganzi ya miguu kwa miezi minne na ameanza kujikwaa ngazini. Alikuwa amepimwa sukari mara tatu, na mara zote ilikuwa ya kawaida. Alikuwa amepewa vitamini, akaambiwa asubiri. Alipoulizwa anafanyia kazi wapi, alijibu, “Chumbani, daktari. Nafunga mlango usiku ili harufu isiwasumbue majirani.” Katika chumba hicho walilala pia mkewe na mtoto wao wa miezi minane.

Aliacha gundi siku ile ile. Wiki tano baadaye alirudi akiwa dhaifu zaidi, amekata tamaa, akisema kwamba kama kuacha gundi hakusaidii, basi heri arudi kazini apate walau chakula cha mtoto. Hapa ndipo mhudumu asiyeujua ugonjwa huu anapoweza kumpoteza mgonjwa. Uharibifu wa heksani huweza kuendelea kuongezeka kwa wiki kadhaa, hata miezi, baada ya mtu kuacha kuvuta mvuke, kwa kuwa mishipa iliyokwisha kuumia huendelea kunyauka. Kuzidi huko si dalili kwamba ushauri ulikuwa batili, na mgonjwa aelezwe mapema. Kijana huyu alielezwa, akavumilia, na mwezi wa sita alianza kupata nafuu. Baada ya mwaka alitembea bila kuburuza nyayo, ingawa ncha za vidole bado zilikuwa na ganzi kidogo. Sasa anashona barazani.

Kuchagua mahali

Mahali bora pa kazi ya ngozi ni barazani, uani au chini ya paa lililo wazi pande mbili. Kama hapana budi kutumia chumba, kiwe na dirisha na mlango vinavyotazamana ili upepo upite. Chumba cha kulala na jiko havifai kwa kazi ya gundi.

Mvuke wa viyeyushi vingi ni mzito kuliko hewa; ule wa heksani ni mzito karibu mara tatu. Hivyo hushuka na kutambaa sakafuni, mahali ambapo mtoto mchanga hulala na anayetambaa hucheza. Fundi aliyesimama huenda asisikie harufu kali, ilhali mtoto yuko ndani ya dimbwi lake. Mvuke huo pia hushika moto kwa cheche ndogo. Jiko la mkaa, kibatari, sigara na kiberiti visikae karibu na gundi, hata kama viko upande wa pili wa chumba.

Kuigawa karakana

Chumba cha upasuaji kina sehemu ya vifaa safi na sehemu ya vilivyotumika, na havichanganywi. Karakana ya nyumbani yahitaji mpango wa namna hiyo, hata ikiwa ni ya hatua nne kwa nne.

*Pembe ya kukata na kushona.* Hii iwekwe penye mwanga mwingi. Anayetumia mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto, ili kivuli cha mkono kisifunike mstari wa kukatia. Meza iwe na kimo cha kiwiko cha fundi akiwa amekaa. Meza fupi humpindisha shingo na mgongo. Stuli iruhusu nyayo zote mbili kutua sakafuni. Kazi ya nyundo ifanyike juu ya gogo au juu ya mguu wa meza, si katikati ya ubao unaodunda, kwani mdundo huo huishia kwenye kifundo cha mkono. Kila baada ya nusu saa, fundi asimame, anyooshe vidole na kuzungusha mabega.

Visu na shazia viwekwe katika kipande cha ubao kilichotobolewa matundu, makali yakiwa chini. Kisu kiwe kikali, kwa maana kisu butu hulazimisha nguvu, na nguvu huteleza. Mkono ulioshika ngozi usiwe mbele ya njia ya kisu. Wembe uliotumika utiwe ndani ya kopo lenye kifuniko, nje ya mikono ya watoto. Fundi ahakikishe amekamilisha chanjo ya pepopunda.

*Pembe ya gundi.* Hii iwe nje, au kando kabisa ya dirisha. Upepo upite ubavuni mwa fundi, ufike kwenye gundi, kisha utoke nje. Fundi asikae kati ya gundi na dirisha ambalo mvuke unatokea. Gundi ya kazi ya saa moja imiminwe katika kikopo kidogo na kopo kubwa lifungwe mara moja. Ipakwe kwa brashi, si kwa kidole. Vipande vilivyopakwa vikaukie nje, si chini ya kitanda. Kazi zote za kugundisha zikusanywe zifanywe kwa mkupuo mmoja mchana, badala ya kulifungua kopo mara ishirini hadi usiku.

Barakoa ya kitambaa, au ile ya hospitalini, haizuii mvuke. Inayozuia ni ile yenye kichujio cha mkaa maalumu, nayo hufaa tu ikiwa kichujio hubadilishwa kwa wakati. Kwa fundi wa nyumbani, upepo ni kinga ya uhakika zaidi na hauna gharama.

*Pembe ya vumbi.* Kusugua kwa msasa kufanyike nje, na ngozi iloweshwe kidogo inapowezekana. Hapa barakoa ya vumbi inayobana vyema usoni husaidia. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji; kulifagia kikavu au kulipuliza ni kulirudisha puani. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto.

*Pembe ya kuhifadhi.* Ngozi hupenda kushika ukungu, hasa Pwani penye unyevu, na ukungu huamsha pumu. Ihifadhiwe juu ya rafu, isiguse sakafu wala ukuta. Gundi, rangi na viyeyushi vifungiwe kabatini kwa ufunguo. Kamwe visitiwe katika chupa za soda au za maji. Mtoto akimeza kiyeyushi au mafuta ya taa, asitapishwe na asipewe maziwa. Kutapika huweza kukipeleka kimiminika mapafuni. Awahishwe hospitalini pamoja na kopo lenyewe.

Ngozi ya kununua na ngozi ya mkono

Fundi anunue ngozi iliyokwisha kudabaghiwa na kutoka kwa muuzaji anayejulikana. Ngozi mbichi ya mnyama aliyekufa bila kukaguliwa huweza kubeba kimeta, ambacho vijidudu vyake huishi miaka mingi katika ngozi na udongo. Kidonda cheusi kisichouma, kilichozungukwa na uvimbe, kwa mtu aliyeshika ngozi mbichi, ni dharura.

Ngozi nyingi za viwandani hudabaghiwa kwa kromu, na nyingine kwa magome ya miti kama vile miwati. Kromu pamoja na utomvu wa gundi huweza kusababisha ukurutu wa mikono. Mikono isinawishwe kwa petroli wala kwa kiyeyushi: mafuta kidogo ya kupikia hulegeza gundi, kisha sabuni na maji humalizia.

Mama mjamzito asifanye kazi ya gundi. Viyeyushi hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Kukata, kushona na kupamba kwa shanga anaweza kuendelea navyo, mbali na mahali gundi inapofunguliwa.

Kwa mhudumu wa afya

Mwaka 1700, Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, aliwashauri madaktari wamwulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Kwa mgonjwa mwenye ganzi, ongeza maswali matatu: Unaifanyia wapi? Unatumia gundi au viyeyushi gani? Je, kuna mwingine nyumbani mwenye dalili kama zako?

Ganzi ya vidole vitatu vya kwanza vya mkono, inayomwamsha mtu usiku, huelekeza kwenye mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono kwa kazi ya kushona na kugonga. Ganzi ya nyayo zote mbili inayopanda, huku kugonga kano ya kisigino kukiwa hakuleti mruko, huelekeza kwenye uharibifu wa mishipa mirefu. Chunguza kisukari, VVU, dawa za kifua kikuu, upungufu wa vitamini B12, pombe na ukoma, lakini usifunge jalada kabla ya kuuliza habari za gundi. Mshona viatu mwenye weupe wa viganja, homa za mara kwa mara au fizi zinazotoka damu apimwe picha kamili ya damu. Mwenye pua iliyoziba au kutoka damu upande mmoja kwa wiki kadhaa apelekwe kwa mtaalamu wa pua.

Usimwambie fundi aache kazi bila kumwonyesha njia nyingine, kwa kuwa hataacha, ataficha tu. Mwombe akuchoree chumba chake kwenye karatasi: dirisha liko wapi, kitanda kiko wapi, kopo la gundi liko wapi. Kisha kaeni pamoja mhamishe kopo hilo kwenye mchoro kabla hajaondoka. Mara nyingi kinachohitajika ni kuvuta meza hatua chache hadi barazani na kufunga kifuniko, na hayo fundi anaweza kuyafanya jioni ile ile.