Sindano Moja na Uzi: Tujifumie Nguo kwa Mikono Yetu



Katika ukurasa huu tunataka kuzungumza juu ya kazi ndogo mnayoiona kila siku bila kuijali sana: kazi ya kroshe, ambayo wengine huiita kroshia. Ni kufuma uzi kwa sindano moja yenye kulabu nchani. Wengi huijua kwa vitambaa vya meza na vya viti. Lakini kwa sindano hiyohiyo mtu anaweza kujifumia kofia, begi, shali, soksi za mtoto, hata blauzi nzima.

Kwa nini tuandike habari za uzi katika gazeti la amani? Kwa sababu ya jambo moja. Mtu aliyehamishwa na vita huishi kwa kupokea. Chakula anapimiwa. Turubai anapewa. Nguo anayovaa ilichaguliwa na mtu wa mbali asiyejua kimo chake wala rangi anayoipenda. Nguo ya msaada husitiri mwili, na tunashukuru kwa hiyo. Lakini mwenye kupokea kila kitu husahau polepole kwamba yeye pia anajua kuamua. Anayefuma kofia yake mwenyewe ameamua: rangi hii, kipimo hiki, ua hili. Ni uamuzi mdogo, ila ni wake.

Kazi iliyozaliwa katika shida

Kroshe si kazi ya watu wenye raha tu. Mwaka 1845 ugonjwa ulishambulia viazi katika nchi ya Ireland, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Njaa iliendelea hadi karibu mwaka 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine kama hao waliihama nchi. Katika miaka hiyo masista wa shirika la Ursula huko Cork walifundisha wasichana na wanawake kufuma maua ya kroshe. Katika mji wa Clones, mwaka 1847, Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa pale, alianzisha mafunzo ya namna hiyo. Familia nyingi zilipata chakula kwa sindano.

Jambo linalotugusa zaidi ni jinsi walivyogawana kazi. Huyu alifuma waridi, yule alifuma jani, mwingine aliunganisha vipande vyote kwa nyuzi nyembamba mpaka vikawa kola au gauni. Kila mkono ulionekana, na nguo ilikuwa moja.

Vifaa: anza na ulichonacho

Sindano za dukani zina namba inayoonyesha unene wake kwa milimita. Kwa mwanafunzi na uzi wa kawaida wa sweta, namba 4 au 5 inafaa. Sindano nyembamba ya chuma, chini ya milimita 2, ni ya vitambaa vya uzi mwembamba. Inachosha macho ya anayeanza. Kama hakuna duka, chonga sindano kwa mwanzi au mti mgumu, uisugue mpaka isikwaruze uzi. Wengine hutumia spoku ya baiskeli kwa uzi mwembamba: huitengeneza kulabu nchani kwa tupa na kuipa mpini wa mti.

Uzi nao unaweza kupatikana bila pesa nyingi. Tafuta sweta kuukuu katika mitumba. Kabla ya kununua, igeuze uangalie mishono ya ubavuni. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi wa cherehani, iache, maana ukiifumua utapata vipande vifupi tu. Kama kila kipande kilifumwa peke yake kisha vikaunganishwa, fungua mishono, tafuta mwisho wa uzi juu, na vuta. Uzi utatoka umejikunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uufue, kisha uutundike ukiwa na kitu kizito chini yake. Ukikauka utakuwa umenyooka.

Angalieni jambo moja la hatari. Nyuzi nyingi za rangi kali ni za plastiki. Zikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Anayepika karibu na jiko la makaa ndani ya hema asivae shali ya uzi huo yenye ncha zinazoning'inia. Pamba ni salama kidogo kuliko plastiki, lakini nayo huwaka. Kwa mtoto mchanga, msiweke kamba ndefu shingoni wala vifungo vinavyoweza kung'oka.

Mafundo matatu yanatosha

La kwanza ni mnyororo. Funga kitanzi kwenye sindano, zungusha uzi juu ya kulabu, uvute upite ndani ya kitanzi. Rudia.

La pili ni fundo fupi. Ingiza sindano katika fundo la chini, zungusha uzi, uvute: sasa una vitanzi viwili. Zungusha tena, uvute upite katika vyote viwili. Fundo hili hutoa kitambaa kizito, kizuri kwa kofia na begi.

La tatu ni fundo refu. Zungusha uzi kwanza, kisha ingiza sindano, zungusha, uvute: una vitanzi vitatu. Zungusha, pitisha katika viwili. Zungusha tena, pitisha katika viwili vilivyobaki. Hili hukimbia haraka, na kitambaa chake ni chepesi, kizuri kwa blauzi na shali.

Ukifika mwisho wa mstari, panda kwa mnyororo mmoja kama unafuma mafundo mafupi, au mitatu kama unafuma marefu, kisha geuza kazi. Waanzao wengi hupoteza fundo la mwisho, na kitambaa kinakuwa chembamba kama pembe. Dawa yake ni kuhesabu kila mstari.

Kofia ya mtoto

Usiku wa Masisi, Lubero au Minembwe una baridi, na kofia ndiyo kazi nzuri ya kwanza. Fuma minyororo minne, uiunganishe iwe pete. Ndani ya pete fuma mafundo mafupi 6. Mzunguko wa pili, fuma mawili katika kila fundo: 12. Mzunguko wa tatu, moja kisha mawili, moja kisha mawili: 18. Kila mzunguko ongeza 6 tu: 24, 30, 36. Duara likikunjakunja kama jani la kabichi, umeongeza mno. Likiinuka kama kikombe kabla ya wakati, umeongeza kidogo.

Uache kuongeza lini? Pima kichwa kwa kamba. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja kina karibu sentimita 46. Gawanya kwa 3, utapata karibu 15. Kofia inavutika, kwa hiyo duara likifika upana wa sentimita 14, acha kuongeza na uendelee kuzunguka mpaka kofia ifunike masikio.

Blauzi ya vipande viwili

Blauzi rahisi ni mistatili miwili, wa mbele na wa nyuma. Fuma kwanza kipande kidogo cha majaribio, kisha hesabu mafundo yaliyo ndani ya sentimita 10. Tuseme ni 16. Kama kifua chako ni sentimita 90, kila kipande kiwe 45, na uongeze 5 ili nguo isibane: 50. Basi unahitaji mafundo 80 kwa kila mstari. Fuma mpaka urefu unaoutaka. Shona mabega ukiacha nafasi ya kichwa, kisha shona ubavu ukiacha nafasi ya mikono. Asiyejua hesabu asaidiwe na mwanafunzi wa shule; hapo bibi na mjukuu wamepata somo moja.

Makosa yetu sisi wenyewe

Tunawaeleza pia tulipokosea, ili ninyi msirudie.

Mara moja tulipeleka nyuzi mahali ambapo familia zilizohama zilikuwa zimepokelewa na wenyeji. Tuliwapa mama waliohama peke yao. Baada ya wiki moja mama mwenyeji alituuliza: "Sisi tuliogawana nao nyumba na mihogo, hamkutuona?" Alikuwa na haki. Tulileta uzi wa kuunganisha, tukautumia kutenga. Tangu hapo kila kundi tunaloanzisha huwa na waliohama na wenyeji pamoja, na mwalimu wa kwanza hutafutwa palepale.

Kosa la pili: tuliahidi soko. Tulisema, "Fumeni, tutauza." Mabegi yakakaa ndani ya sanduku miezi mingi, na mama walidhani tumewaibia. Siku hizi tunasema wazi: fuma kwanza cha kuvaa wewe na watoto wako. Mtu akikiona na kukitaka, uza. Hesabu bei ya uzi na siku ulizotumia. Lakini tusiwadanganye kwamba sindano itachukua nafasi ya shamba.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aliyehama mara nyingi angependa kupewa jembe, ila shamba hakuna. Na wengine wamehama zaidi ya mara moja. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa, na watu wakabeba tena walichoweza. Sindano na kibunda cha uzi huingia katika mfuko mmoja. Kazi iliyokatika njiani inaweza kuendelezwa popote, kuanzia fundo lilelile.

Neno kwa viongozi

Kaeni mahali peupe na pa salama, saa ambayo mama amemaliza kuteka maji. Msikataze wanaume na vijana. Mikono haina mke wala mume katika kazi hii. Msimlazimishe mtu kusimulia yaliyompata. Macho yakiwa kwenye uzi, mwingine ataanza kusema mwenyewe, mwingine atanyamaza mwaka mzima, na wote wawili wamekaa pamoja nasi. Akisema mambo mazito, msiyatangaze. Mpelekeni taratibu kwa mhudumu wa afya au mshauri, akikubali mwenyewe. Msimpige picha bila ruhusa yake.

Uzuri mmoja wa kroshe ni huu: fundo likikosewa, unafumua mpaka penye kosa, na uzi ni uleule, haujapotea. Mama mmoja katika kundi letu alifumua kofia yake mara tano. Mara ya sita alimvika mtoto wa jirani yake, mwenyeji, kisha akaanza ya mtoto wake.

Maswali ya kujadili pamoja

1. Katika mtaa au kambi yetu, nani anajua kroshe na yuko tayari kufundisha wengine?
2. Je, misaada inayokuja kwetu inawaunganisha waliohama na wenyeji, au inawatenga? Tutoe mfano mmoja.
3. Ni mambo gani madogo ambayo aliyehama anaweza kuyaamua mwenyewe leo?

Tunawatakia kazi njema na amani.