Kuzima Moto Si Kufunga Gesi

Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuja kwetu likizoni kutoka mashambani, ambako hupikia kuni. Asubuhi moja aliteleka uji kwenye jiko la gesi, kisha akaketi sebuleni kudurusu. Punde si punde uji ulifura, ukafurika na kumwagikia moto. Nami nikiwa chumbani nikapaza sauti: "Zima gesi!" Akachungulia jikoni, akanijibu kwa adabu: "Imekwisha zimika, Mjomba." Akarejea kitabuni.

Dakika chache baadaye, harufu ilitufahamisha ukweli. Moto ulikuwa umezimika, lakini gesi ilikuwa ingali ikitoka.

Je, nani alikosea? Binti huyu alikielewa Kiswahili barabara. Mwenye kosa ni mimi, mwalimu wa isimu, niliyesema "zima" ilhali nilikusudia "funga".

Lugha yetu ya jikoni ililelewa na kuni na makaa. Katika mafiga, moto ukishazimika kabisa, shughuli imekwisha. Gesi ni kinyume cha hayo. Maadamu moto unawaka, unaila gesi. Ukizimwa na uji au upepo ilhali kifundo cha jiko ki wazi, gesi hukosa wa kuila, na hapo ndipo hatari inapoanza. Kuna majiko yenye kifaa cha kukata gesi moto unapozimika, lakini mengi ya yale madogo tunayoyatumia hayana.

Gesi hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kujikusanya mabondeni mwa nyumba, ikingojea cheche. Yenyewe haina harufu ya kutambulika. Ule uvundo tunaousikia hutiwa makusudi ili utuonye. Basi ukiusikia, funga kifundo, kisha funga mtungi. Fungua milango na madirisha. Usiwashe kiberiti, wala usiguse swichi ya umeme, iwe ni kuwasha taa au kuizima, kwani swichi hutoa cheche. Watoe watu nje hadi harufu iishe.

Neno "washa" nalo lina mtego uo huo. Tunaposema "washa gesi", tunaunganisha matendo mawili: kufungua gesi na kuwasha moto. Mpishi asiyeelezwa utaratibu hufungua kwanza, halafu ndipo aanze kukitafuta kiberiti. Kinapopatikana, gesi imekwisha tanda, na mwali humrukia usoni. Kwa jiko la kiberiti, utaratibu salama ni huu: washa njiti, isogeze penye vitundu vya moto, ndipo ufungue gesi polepole. Moto wenyewe uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano na kupaka sufuria masizi, gesi haipati hewa ya kutosha: safisha vitundu jiko likiwa limepoa, na ufungue dirisha, kwa maana moto wa namna hiyo huweza kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Vijitabu vinavyouzwa pamoja na majiko haya aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Anayevisoma ni mwenye nyumba. Anayepika ni mtoto, nyanya au mtumishi. Onyo lisilomfikia mwenye kushika kifundo ni sawa na onyo ambalo halikutolewa.

Walimu wenzangu wa Kiswahili, hapa pana somo. Wanafunzi wanapojifunza uandishi wa maagizo, waambieni waandike namna ya kuwasha na kufunga jiko la gesi, hatua kwa hatua, kila tendo na kitenzi chake. Msahihishe utaratibu kwa ukali uleule mnaosahihishia upatanisho wa kisarufi. Kisha kila mmoja apeleke karatasi yake nyumbani, aibandike ukutani karibu na jiko, na awasomee wasiojua kusoma.

Kwangu imekwisha bandikwa, kwa mwandiko wa mpwa wangu. Mstari wa kwanza unasema: "Moto ukizimika, funga gesi." Tahadhari kabla ya hatari.