Usichague sayansi kwa jina, chagua kwa kazi yake

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali linalozunguka nyumbani na mtaani ni moja: "Ana pointi ngapi?" Lililo zito zaidi huulizwa baadaye, mara nyingi muda ukiwa umekwisha: pointi hizo amezipata kwenye masomo gani?

Kwa mhitimu wa kidato cha sita, kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) cha kuingia digrii ya kwanza ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, A ikihesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hilo ni geti la nje tu. Ndani, kila programu ina masharti yake, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Mwenye A tatu za CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) hapati udaktari wa binadamu, kwa sababu hana Fizikia. Mwenye A tatu za PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) akiomba uhandisi wa umeme ataambiwa kuwa ile BAM, yaani hisabati ya msingi aliyosoma pembeni, haisimami mahali pa Hisabati ya Juu.

Wengi huchagua tahasusi, yaani mchepuo wa masomo matatu, kwa kusikia. "PCB ni ya madaktari, PCM ya mainjinia, CBG ya waliokimbia Fizikia." Usemi huo haukosi chembe ya ukweli, lakini haumwambii kijana kwa nini somo fulani linadaiwa. Na tangu serikali ilipoongeza makumi ya tahasusi mpya mwaka 2024, kuchagua kwa kusikia kumezidi kuwa hatari.

Tuanze na udaktari. Fizikia ina kazi gani wodini? Kipimo cha presha, eksirei na utrasaundi vyote ni fizikia. Hata damu yenyewe ina hesabu zake: katika mrija, upana ukipungua hadi nusu huku msukumo ukibaki uleule, kiasi kinachopita hushuka hadi sehemu moja tu ya kumi na sita. Anayeielewa kanuni hiyo hashangai kuona mshipa uliobana kidogo ukimlaza mtu kitandani.

Twende famasi. Mtoto ana kilo 12, na parasetamoli hutolewa, tuseme, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Anahitaji miligramu 180. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5, kwa hiyo apewe mililita 7.5. Ni hesabu ya shule ya msingi, lakini nukta ikihama nafasi moja, mtoto amemeza dozi mara kumi. Ndiyo maana anayesema "mimi na hesabu hapana, nitasoma famasi" anahitaji kukaa chini na mtu anayeifanya kazi hiyo.

Kilimo nacho kina Kemia yake. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23 tu. Shamba linalohitaji kilo 46 za nitrojeni linataka mifuko miwili, na bwana shamba ndiye anayepaswa kumpigia mkulima hesabu hiyo kabla hajatoa fedha yake dukani.

Ukishaingia chuoni uchaguzi hauishi. Zipo kozi za lazima, ambazo huna la kufanya isipokuwa kuzisoma, na zipo za hiari. Kwenye hizi za hiari ndiko wanafunzi hukimbilia kozi za mteremko ili kunusuru GPA. Hakuna ubaya kupumua kidogo kwa semista moja, lakini kozi ya hiari ndiyo nafasi pekee uliyopewa kuinyoosha digrii ielekee kazi unayoitaka. Anayesoma wanyamapori na kutaka kuhesabu tembo hifadhini atafute takwimu na ramani za kompyuta. Mwanabiolojia anayewaza utafiti asikwepe programu za kuchambua data. Na anayesomea ualimu wa sayansi, atakayebeba masomo mawili ya kufundishia, akumbuke kuwa kilio cha shule nyingi ni walimu wa Fizikia na Hisabati.

Angalia pia mpangilio. Kozi nyingi za sayansi hutanguliana: huwezi kuelewa baiokemia kabla ya kupita kwenye kemia ya kaboni. Tena kozi nyingi hutolewa mara moja kwa mwaka. Ukiiruka au ukiiangusha, unaweza kusubiri mwaka mzima. Pima na saa za maabara. Alasiri nzima huisha umesimama na koti jeupe, ukidondosha alkali tone kwa tone kwenye asidi mpaka rangi ya pinki ibaki, kisha usiku unaandika ripoti. Ukibeba kozi tatu za maabara katika semista moja bila kupanga muda, usishangae kukutana na sapu, yaani mtihani wa marudio.

Kwa aliyekwisha kukosea, njia haijafungwa. Stashahada zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) huwapokea wahitimu wa kidato cha nne wenye ufaulu wa masomo husika, na mwenye stashahada ya fani inayolingana, akifikia GPA inayotakiwa, anaweza kuomba digrii. Wapo walioanza wakiwa maafisa tabibu na leo ni madaktari. Ni njia ndefu zaidi, lakini inafika.

Kwa hiyo, mzazi na mwanafunzi, kabla ya kujaza fomu yoyote fungueni mwongozo wa udahili wa TCU, ambao upo mtandaoni. Someni masharti ya programu mnayoitaka neno kwa neno. Kisha tafuteni orodha ya kozi zake kwenye tovuti ya chuo, mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, mwone ni sayansi ipi inajirudia kila semista. Kama ndiyo hiyo anayoichukia kijana, badilisheni programu sasa, maana uhandisi utamchukua miaka minne na udaktari mitano darasani, bila kuhesabu mwaka wa mafunzo kazini.