Kambi ya Lugalo na Jina Lake la Zamani

Nani kati yetu hajalisikia jina la Lugalo redioni? Mgonjwa kapelekwa Lugalo, mwili wa mkubwa fulani umehifadhiwa Lugalo, jamaa yetu askari yuko Lugalo. Hata wazee ambao hawajaiona bahari wanalijua jina hilo. Lakini uliza Lugalo ni nini, utajibiwa kwamba ni hospitali ya jeshi kule Dar es Salaam, basi. Ni kweli hospitali ipo, na raia pia hutibiwa humo. Walakini hospitali hiyo imo katika kambi ya askari, na habari za kambi hiyo yafaa zijulikane, hasa kwa wazazi wenye vijana wanaotamani uaskari.

Kambi iko kando ya barabara ya Bagamoyo, yapata maili nane kutoka mjini, si mbali na pwani. Zamani haikuitwa Lugalo. Waingereza waliiita Colito.

Colito ni mahali katika nchi ya Ethiopia. Huko, tarehe 19 Mei 1941, askari wa Keya ya Sita, yaani askari wa Tanganyika, walipigana na Waitalia waliokuja na vifaru. Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, alirukia juu ya kifaru kimoja, akakifungua, akawapiga risasi waliokuwa ndani isipokuwa dereva. Kisha akavifuata vifaru vingine kwa miguu, akauawa juu ya kimojawapo. Baadaye alipewa Msalaba wa Viktoria, nishani kuu ya ushujaa ya Waingereza. Hati ya nishani hiyo yasema kwamba alipovinyemelea vile vifaru vya mwisho alikuwa pamoja na sajini-meja Mwafrika na askari wengine wawili. Majina ya hao watatu haikuyataja. Nalo jina la Colito likapewa kambi.

Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Keya iligeuzwa jina ikawa Tanganyika Rifles. Lakini ndani mambo hayakubadilika sana. Wakubwa wa jeshi walikuwa wale wale Waingereza, na mkuu wao aliitwa Brigedia Patrick Sholto Douglas. Askari wa kawaida alipokea shilingi 105 kwa mwezi. Alipokwenda likizo kijijini aliona mwalimu Mwafrika, karani Mwafrika, bwana shauri Mwafrika. Akirudi kambini alimkuta Mzungu. Tena tarehe 7 Januari 1964 Rais Nyerere alitangaza kwamba katika kazi za Serikali raia wote sasa watahesabiwa sawa, bila kuwatanguliza Waafrika kwa rangi yao. Kwa haki lilikuwa neno jema. Lakini masikioni mwa askari huenda lilisikika kana kwamba wale wakubwa watakaa milele.

Siku hizo hizo, tarehe 12 Januari, mapinduzi yalitokea Unguja, na Serikali ikapeleka huko baadhi ya polisi wake. Basi usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, askari wa Colito wakaasi. Waliwakamata maofisa wao wakawafungia, kisha wakaingia mjini na kushika Ikulu, redio na kiwanja cha ndege. Walidai mshahara wa shilingi 260 na maofisa Waafrika. Bwana Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, alikwenda mwenyewe kambini kusema nao. Maofisa Waingereza wakapandishwa ndege kwenda Nairobi. Kumbe mjini watu wengine walikwisha kuvunja maduka, na damu ikamwagika. Kesho yake askari wa Tabora nao wakafuata.

Mimi siwezi kuyaita madai yao ya kipumbavu. Mtu mwenye mke na watoto anajua shilingi 105 zinaishia wapi. Lakini mwenye bunduki akidai kwa bunduki, nani tena atakayemkatalia kesho akitaka zaidi? Hapo ndipo Serikali iliposhikwa kooni.

Mwalimu Nyerere alifanya jambo lililomuuma sana: aliomba askari wa Uingereza. Asubuhi ya tarehe 25 Januari helikopta zilitoka katika manowari Centaur zikawashusha makomando karibu na kambi. Brigedia Douglas, yule yule aliyefukuzwa, akawaita askari kwa kipaza sauti wajisalimishe. Walipokawia, roketi ilipigwa kwenye nyumba ya walinzi. Askari wachache waliuawa, wengine wakakimbilia porini, na kambi ikashikwa kwa muda mfupi. Fikiri, msomaji: nchi haijatimiza miaka mitatu ya Uhuru, nayo inaokolewa na wale iliowaaga.

Jeshi lile likavunjwa, na batalioni kutoka Nigeria ikaja kulinda mahali pa Waingereza. Vijana wapya wakachukuliwa, wengi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa, na askari wakaruhusiwa kuwa wanachama wa TANU. Tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi likazaliwa, chini ya Mrisho Sarakikya, afisa kijana aliyefunzwa Sandhurst. Miaka kumi na mitano baadaye, Aprili 1979, jeshi hilo liliingia Kampala baada ya kumfukuza Idi Amin kutoka Kagera.

Nayo Colito ikapewa jina la Lugalo. Lugalo ni Uhehe, na hilo nalo ni jina la vita. Mwaka 1891 Mjerumani Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, alitoka Kilwa na askari wake kwenda kumpiga Mkwawa. Tarehe 17 Agosti Wahehe waliwavizia penye mawe na vichaka, wakamwua Nyundo na wengi wa watu wake, wakateka bunduki zipatazo 300. Askari wengi waliokufa upande wa Nyundo walikuwa Waafrika, nao wakipokea mshahara.

Ukipanda basi kutoka Morogoro kwenda Iringa, kabla ya kuufikia mji utapita mahali penyewe. Ipo nguzo ya ukumbusho. Wajerumani ndio walioijenga, kwa ajili ya Zelewski.