Ruashi: Tofali lalaumiwa bure, joto latoka juu na maji yatoka chini

Katika komini ya Ruashi, mjini Lubumbashi, familia inayojenga huanza kwa kuhesabu matofali. Pesa nyingi huishia kwenye kuta. Mabati hununuliwa mwishoni, tena yale membamba, na plafoni huahirishwa hadi mwaka ujao.

Oktoba ikifika, mchana hupita digrii 30 na wakaaji hutoka nje kutafuta kivuli cha mwembe. Juni na Julai, usiku unaweza kushuka chini ya digrii 10, na katika nyumba ile ile mbabula ya makala huingizwa ndani. Hapo ndipo hatari ilipo: makala hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu waliolala milango imefungwa.

Lawama hutupiwa tofali. Lakini ukuta wa tofali la udongo wenye unene wa sentimita 20 hupokea joto polepole na kulifikisha ndani saa tano au sita baadaye. Bati halingoji. Jua la adhuhuri hulipandisha hadi zaidi ya digrii 60, nalo huwaunguza walio chini yake kama mbabula iliyotundikwa juu ya vichwa vyao. Usiku wa kiangazi, mbingu zikiwa wazi, bati hupoa kuliko hewa yenyewe. Mvuke wa pumzi na wa sufuria hugeuka matone juu yake, na asubuhi blanketi huwa na unyevu ingawa mvua imekatika tangu Mei.

Wakati wa masika, maji huja pia kutoka chini. Tofali lina vitundu vidogo vinavyovuta maji ya ardhini kama utambi unavyovuta petroli. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo ukuta uliolowa haukingi tena baridi. Karatasi ya plastiki nzito au ya lami, ikitandazwa juu ya msingi kabla ya kupandisha ukuta, huzuia maji hayo. Kupaka simenti juu ya matofali mabichi hakusaidii: unyevu hufungiwa ndani, udongo hulainika, na ukuta unaoonekana mzima huanguka.

Wainjinia hupima mambo haya kwa kompyuta. Programu kama EnergyPlus, inayopatikana bure, hukadiria joto la nyumba kwa kila saa, yaani saa 8,760 za mwaka. WUFI, iliyotengenezwa Ujerumani, hufuatilia pia unyevu ndani ya ukuta. Tatizo ni kwamba programu hutegemea namba inazopewa, na namba nyingi zilizomo tayari ni za matofali ya kiwandani ya Ulaya au Marekani. Matofali mengi ya Lubumbashi hufinyangwa kwa udongo wa vichuguu vya mchwa, vingine vyenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, na kuchomwa kwa kuni za miombo. Ubora wake hubadilika kutoka tanuru moja hadi lingine, hata ndani ya tanuru moja: la katikati huiva, la pembeni hubaki bichi.

Namba moja hupatikana bila kompyuta. Tofali kavu hupimwa, hulowekwa siku nzima, kisha hupimwa tena. Likitoka kilo 3 hadi kilo 3,6, limekunywa maji asilimia 20 ya uzito wake. Masoni anahitaji ndoo na mizani ya sokoni tu, kabla mwenye nyumba hajalipia matofali elfu tano.