Gololi Sita na Buti la Mpira: Siku Tulipofungua Sivi Jointi Nyumbani

Wanachuo wenzangu, kuna sauti ambayo kila mtu aliyepanda gari la kwenda Uru, Kibosho au Old Moshi anaijua. Dereva akikata kona kali, chini ya tairi la mbele kunatoka "ka-ka-ka-ka". Abiria wanatazamana. Dereva anaongeza sauti ya redio.

Sauti hiyo mara nyingi ni ya sivi jointi, kiungo kilicho mwisho wa shafti inayozungusha tairi. Likizo iliyopita niliifungua ya gari letu nyumbani, na naandika ili nawe ujue iliyomo ndani, kwa nini inakufa, na lini inafaa kuunganishwa upya badala ya kutupwa.

Baba ana Toyota Spacio ya siku nyingi. Kila alfajiri anashusha maziwa kutoka Kibosho hadi Moshi mjini, na pesa hiyo ndiyo inayonilipia chumba nje ya chuo. Nilipochungulia nyuma ya tairi la mbele kushoto nikaona grisi nyeusi imerukia rimu na bomba la breki. Buti lilikuwa limechanika. Buti ni ule mfuko wa mpira wenye mikunjo mikunjo unaoifunika jointi.

Fundi tuliyemwonyesha alishauri tubadilishe shafti nzima. Ushauri wake haukuwa mbaya, ila bei ingekula zaidi ya nusu ya bumu langu, na bumu lenyewe, si mnajua, lilikuwa bado halijaingia. Jointi ilikuwa haijaanza kulia. Baba mdogo, ambaye aliwahi kuwa utingo wa malori, akasema, "Tuifungue tuione kwanza."

Tuanze na kazi yake. Kwenye gari linalovuta kwa mbele, giaboksi inatoa nguvu kupitia shafti mbili, moja kwa kila tairi. Tairi hilo linavuta gari na wakati huohuo linakata kona, huku likipanda na kushuka kwenye mashimo. Kwa hiyo shafti inahitaji kiungo kinachozunguka kikiwa kimekunjwa.

Kiungo cha zamani ni krosi, ule msalaba wa chuma unaouona kwenye propela shafti ya lori. Wazungu wengi wanaihusisha na Robert Hooke, mwanasayansi Mwingereza wa karne ya 17. Kasoro yake ni kwamba ikikunjwa, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo uleule: katika kila mzunguko mmoja unaongeza kasi mara mbili na kupunguza mara mbili. Pembe ikiwa ndogo hausikii kitu. Tairi la mbele likikatwa hadi mwisho, usukani ungekutetemekea mikononi.

Jibu linalotumika kwenye magari mengi hadi leo lilitoka kwa mhandisi Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920. Ndani ya kikombe cha chuma kuna kiini, na kati yake kuna gololi sita zinazopita kwenye mifereji. Gololi zinashikwa na pete yenye madirisha sita, mimi naiita kizimba. Umbo la mifereji linazilazimisha gololi zikae daima katikati kabisa ya pembe, kwa hiyo upande unaoingia na unaotoka unazunguka kwa kasi moja. Mini ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1959, ilitumia jointi za aina hii na kusaidia kuyafanya magari madogo ya kuvuta kwa mbele kuwa ya kawaida.

Sasa kifo chake. Chuma cha jointi ni kigumu sana, lakini kinaishi kwa grisi, na grisi inalindwa na mpira tu. Mpira ukichanika, grisi inarushwa nje, vumbi la kiangazi na tope la masika vinaingia, na gololi zinaanza kusagika. Barabara zetu za mlimani zina kona nyingi, na kadiri unavyokata kona ndivyo mikunjo ya buti inavyovutwa. Ikianza kulia "ka-ka-ka", mifereji imeshachimbika. Hapo kubadilisha buti ni kumpaka mafuta mgonjwa aliyevunjika mguu.

Jumamosi mchana, maziwa yakiwa yameshashuka, tukaanza. Baba alisema neno moja tu: "Mama, alfajiri nalihitaji."

Gari likiwa bado chini na breki imekanyagwa, tulilegeza ile nati kubwa ya katikati ya tairi. Tukaweka mawe nyuma ya matairi ya nyuma, tukapiga jeki, tukaweka stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Tukafungua boljointi ya chini, tukavuta habu pembeni, tukaichomoa shafti kwenye giaboksi tukiwa tumetega beseni, maana oili kidogo humwagika.

Jointi ilitoka kwenye shafti kwa kugongwa kiini kwa nyundo na kipande cha shaba. Tukaiosha kwa dizeli. Kabla ya kutoa chochote, baba mdogo alinipa kalamu ya rangi: "Weka alama kwenye kikombe, kizimba na kiini." Niliweka kwenye kikombe na kiini. Kizimba nikaona kinajieleza chenyewe.

Gololi zinatolewa moja moja kwa kukiinamisha kiini hadi gololi ya upande wa pili ichomoze. Zikiisha, unasimamisha kizimba wima ndani ya kikombe na kukitoa, kisha unakigeuza kiini kitoke kwenye kizimba. Zetu zilikuwa zinang'aa na mifereji ilikuwa laini. Ukikwangua mfereji kwa ukucha ukanasa kwenye shimo, acha, kanunue mpya.

Kurudisha ndiko kulikonitoa jasho. Gololi ya sita iliingia saa kumi na moja jioni, nikashangilia. Nikajaribu kuikunja jointi. Ikakunjika kidogo, ikaganda. Nikachukua nyundo.

"Weka chini hiyo," baba mdogo akasema. "Chuma kikikataa, kinakwambia kitu."

Nilikuwa nimegeuza kizimba, cha ndani kikawa nje. Kwa macho pande zake zilifanana, lakini hazikuwa sawa. Ningegonga ningekipasua, na duka la spea lilishafungwa. Nikatoa gololi zote sita, nikageuza, nikaanza upya. Safari hii ikakunjika kila upande bila kukwama.

Kisha fuata mpangilio: buti jipya na klipu yake ndogo vinaingia kwenye shafti kwanza, ndipo jointi inagongwa hadi klipu ya duara inase. Ukisahau buti, unarudi mwanzo. Jaza grisi nyeusi ya sivi jointi, yenye molibdenamu, ambayo mara nyingi huuzwa pamoja na buti. Usitumie grisi yoyote tu iliyobaki stoo. Nati kubwa ikazwe kwa spana ya kupimia, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, kisha ifungiwe isilegee. Usisahau kuongeza oili ya giaboksi.

Jambo moja kwa wenye gari la otomatiki wanaoegesha kwenye mteremko: P inashika matairi kupitia shafti hizi. Moja ikikatika au ikichomoka, P haishiki tena, gari linateremka. Handibreki inashika matairi ya nyuma, kwa hiyo ivute kila mara.

Tulimaliza saa tatu usiku kwa taa ya simu. Alfajiri nilipanda na baba, dirisha wazi, sikio nje, hadi mjini. Kwenye kipilefti cha Mnara wa Saa alizunguka mara mbili kwa makusudi. Hakuna kilicholia. "Haya, funga dirisha, kuna baridi," akasema.

Mwezi ujao naenda mazoezi ya kufundisha fizikia, na nimeomba jointi moja mbovu gereji niende nayo darasani. Nitaanza kwa kuwaacha wanafunzi wakigeuze kizimba. Wewe ukienda nyumbani wikiendi hii, kata usukani hadi mwisho, chuchumaa na tochi, uangalie mabuti ya mbele. Ukiona ufa, sema leo, kabla gari halijasema.