Shishi-odoshi: Mwanzi wa maji uliohama shambani ukaingia bustanini

NI mapambo machache ya bustani ya Kijapani yanayoigwa kirahisi na kukosewa kirahisi kama mwanzi wa maji uitwao shishi-odoshi. Wengi huuweka wakitarajia kuona maji yakichezacheza. Kumbe chombo hicho hakikuundwa kwa ajili ya macho. Kiliundwa kwa ajili ya masikio.

Umbo lake ni sahili. Kipande cha mwanzi hutobolewa ubavuni, kikapitishwa ekseli na kulazwa kati ya nguzo mbili fupi. Maji hutiririka kidogo kidogo kuingia katika mdomo wake uliokatwa mshazari. Ukishajaa, mwanzi huinama na kuyamwaga yote. Hapo mbele huwa kwepesi kuliko nyuma, nao hurudi kwa ghafla na kugonga jiwe kwa kitako chake. Mlio mmoja mkavu husikika, kisha kimya hutanda hadi utakapojaa tena.

Jina lake lina maana ya kuwatisha wanyama. Wakulima wa Japani walilitumia kwa vitu mbalimbali vya kulinda mazao dhidi ya kulungu na nguruwe mwitu, zikiwamo sanamu za kutishia ndege na vibao vya kugonganishwa kwa kamba. Ule unaoendeshwa na maji una jina lake mahususi, sozu. Faida yake kwa mkulima ilikuwa dhahiri: ulikesha shambani bila mlinzi.

Safari yake ya kuingia bustanini huhusishwa na Shisendo, makazi yaliyojengwa mwaka 1641 kaskazini-mashariki mwa jiji la Kyoto na Ishikawa Jozan. Huyu alikuwa samurai wa Tokugawa Ieyasu. Katika vita vya kuuzingira mji wa Osaka mwaka 1615 alisonga mbele kinyume cha amri, akaacha utumishi, na hatimaye akajitenga na dunia kwa mashairi na vitabu hadi alipofariki mwaka 1672. Inasimuliwa kuwa ni yeye aliyeutoa mwanzi huo shambani na kuufanya sehemu ya bustani. Leo Shisendo ni hekalu la Kibudha la madhehebu ya Soto, na mgeni aketiye katika ukumbi wake husikia mlio huo kabla ya kuuona mwanzi wenyewe.

Hapo ndipo penye funzo kwa mwenye kutaka kuuweka kwake. Mahali pake si katikati ya majani mbele ya mlango, bali pembeni, nyuma ya kichaka, ambapo mlio utamfikia msikilizaji ukiwa umepungua makali. Aidha, usichanganywe na tsukubai, beseni la jiwe lililo chini ambalo mgeni wa sherehe ya chai huchutama kunawa mikono. Hilo nalo hupokea maji kwa mrija wa mwanzi, lakini haligongi kitu.

Kazi ngumu ni kupata mizani. Mwanzi ukiwa mtupu, kitako kiwe kizito kidogo tu kuliko mdomo. Vifundo vya ndani upande wa mbele hutobolewa ili kupata nafasi ya maji, lakini kile kilicho karibu na ekseli huachwa kizima. Nafasi hiyo ikibeba nusu lita, na maji yakaingia kwa kiasi cha nusu lita kwa dakika, mlio utasikika takriban mara moja kila dakika. Pampu nyingi husukuma maji zaidi ya hayo, hivyo koki ya kupunguzia ni ya lazima. Maji yakizidi, mwanzi hugonga mfululizo kama fundi seremala mwenye haraka, na jirani ana haki ya kulalamika. Vizuri pampu izimwe usiku.

Jiwe nalo huchagua sauti. Jiwe gumu lililotulia ardhini hutoa mlio safi. Lililolegea hutoa mlio mzito usiopendeza. Mwanzi wenyewe hauishi milele: hupasuka, tundu la ekseli hupanuka, na baada ya miaka michache hubadilishwa.

Lipo jambo zito zaidi la kuangaliwa. Mwanzi uliokatwa na kushika maji ni mahali pa kuzaliana mbu jamii ya Aedes, waenezao homa ya dengi. Mwaka 2014 ugonjwa huo uliikumba Dar es Salaam, na mwaka huohuo ukazuka Tokyo, ambako maambukizi mengi yalihusishwa na bustani ya Yoyogi. Mwanzi unaojimwaga kila dakika hauna hatari hiyo. Hatari huja pampu inapozimwa kwa siku kadhaa, kwani katika joto yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Mwenye kusafiri aumwage na kuugeuza mdomo chini. Nguzo pia zikatwe juu tu ya kifundo, kama wafanyavyo mafundi wa Kijapani, ili mvua isituame ndani.

Hifadhi ya maji iliyo chini ifunikwe kwa wavu imara wa chuma, kisha kokoto juu yake. Mtoto mdogo huweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache tu, na mlio huo, uliobuniwa kuwafukuza kulungu, humvuta mtoto.